Mashine pepe imekuwa nzito: ni kinga za prosesa au ni kitu kingine?

Mara ya kwanza kuitwa kwa tatizo hili ilikuwa Ngamiani, kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi kwa jumla.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Hebu njoo uone mwenyewe. Huyu kijana kaweka sasisho Jumamosi, leo Jumatatu risiti moja inatoka inajivuta. Wateja wamejaa mpaka barazani."

Seva yake ni moja tu, aliinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake mna mashine pepe tatu, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya seva moja: ya mauzo na stoo, ya kuhifadhi nakala, na moja ya Windows anayoitumia mhasibu. Yule kijana alikuwa amesoma mahali kwamba ukiongeza mitigations=off kwenye mstari wa kuwashia kerneli (moyo wa mfumo endeshi), kinga za prosesa zinazimwa na kasi yote inarudi. Alikuwa ameshaiandika na alikuwa karibu kuwasha upya. Nikamwomba anipe saa moja.

Njia niliyopita siku ile ndiyo ninayoipita mpaka leo, na ndiyo niliyoiandika hapa. Mifano yangu ni ya Linux yenye KVM, sehemu ya kerneli inayoendesha mashine pepe, hasa Proxmox, mfumo wa kuzisimamia, kwa kuwa ndiyo ninayoikuta kwenye maduka, shule na ofisi ndogo za hapa Tanga. Seva kubwa nitaiita mwenyeji, na mashine pepe iliyo ndani yake nitaiita mgeni.

Unalipia nini hasa

Muuza kahawa wa baraza anamjua mteja wake. Akimwona anakuja kwa mbali, anamimina kabla hajaagizwa. Mara nyingi anapatia, na mteja hasubiri. Siku mteja akisema "leo sinywi", kahawa inarudishwa kwenye birika kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini kikombe kimebaki na joto. Mtu mwingine akivigusa vikombe kimoja kimoja, atajua mteja yule hunywa nini bila kumuuliza mtu.

Prosesa hufanya hivyohivyo. Inabahatisha programu itaelekea wapi, inafanya kazi mapema, na ikikosea inaitupa kazi ile. Alama inabaki kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa, na programu nyingine inaweza kuisoma kwa kupima muda tu. Januari 3, 2018 zilitangazwa Meltdown na Spectre, dosari mbili zilizoonyesha kwamba kwa njia hii siri za kerneli, au za programu jirani, zinaweza kuvuja. Baadaye zikafuata nyingine: L1TF Agosti 2018, MDS Mei 2019, Retbleed Julai 2022, Downfall na Inception Agosti 2023.

Sehemu kubwa ya kinga zake hutoza ushuru mpakani. Lori linaloshusha saruji Ngamiani na Makorora siku nzima halisimamishwi na forodha. Linalokwenda Mombasa husimama Horohoro, mpakani na Kenya, na likienda na kurudi mara kumi, litasimama mara kumi kila upande. Programu inayopiga hesabu ndefu ndani ya kumbukumbu yake ni lori la mjini. Programu inayoiita kerneli kila mara, kusoma faili, kuandika kwenye diski, kutuma pakiti, ni lori la Horohoro. Na mgeni ana mipaka miwili: wa programu na kerneli yake mwenyewe, halafu wa mgeni na mwenyeji. Dalili karibu zote zilizo hapa chini zinaeleweka ukijua ni mpaka upi unaokula muda wako.

Kabla hujazilaumu kinga

Mara nyingi nimekuta kinga zinasingiziwa. Anza na haya, hayachukui dakika kumi.

Ndani ya mgeni fungua top uangalie namba iliyoandikwa st. Hiyo ni sehemu ya muda ambao mgeni alitaka prosesa akakosa kwa sababu mwenyeji alikuwa anawahudumia wengine. Ikiwa inapanda na kubaki juu, umegawa prosesa kupita uwezo, na hakuna kinga ya kuzima itakayokusaidia.

Pima joto la mwenyeji kwa sensors, kisha utafute neno throttled ndani ya dmesg. Miezi ya kaskazi hapa pwani, chumba kisicho na kiyoyozi kinaipika seva, nayo inajipunguzia kasi ili isiungue. Raskazone, ambako upepo wa bahari unaingia moja kwa moja dirishani, nimefungua kasha nikakuta feni imeshika kutu ya chumvi na haizunguki kabisa. Sasisho lilikuwa limewekwa wiki hiyohiyo, basi lawama zote likabebeshwa sasisho.

Angalia pia saa ya mgeni:

`cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`

Jibu zuri ni kvm-clock au tsc. Ukikuta hpet au acpi_pm, kila programu inapouliza saa ngapi, mgeni analazimika kutoka mpaka kwa mwenyeji ili apate jibu, na hifadhidata huuliza saa mara nyingi sana.

Hayo yakiwa salama, fanya jaribio hili mara mbili, kwa mwenyeji na kwa mgeni:

`dd if=/dev/zero of=/dev/null bs=1 count=5000000`

`openssl speed sha256`

Amri ya kwanza inasoma baiti moja na kuandika baiti moja, mara milioni 5. Ni miito milioni 10 kwa kerneli bila kazi yoyote ya maana, yaani safari za Horohoro tupu. Ya pili ni hesabu tupu. Kama openssl inakaribiana pande zote mbili lakini dd ya mgeni imeachwa mbali, endelea kusoma, unachokitafuta kiko hapa. Kama zote mbili ni mbovu kwa mgeni, rudi kwenye st na joto.

Halafu soma hali ya kinga zenyewe, pande zote mbili pia:

`grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*`

Nakili majibu yote mawili kwenye daftari. Utayalinganisha mstari kwa mstari.

Dalili: mauzo na hifadhidata ni nzito, hesabu ndefu hazina shida

Hii ndiyo iliyokuwa ya mzee, na ndiyo ninayoikuta kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kinga ya Meltdown, ile inayoandikwa PTI, hutenganisha ramani ya kumbukumbu ya kerneli na ya programu. Kila wito kwa kerneli unabadilisha ramani, na kurudi kunaibadilisha tena. Prosesa ina kidaftari kidogo cha anwani ilizozitafuta karibuni. Ramani ikibadilika kidaftari kinafutwa, na kila anwani inatafutwa upya. Kazi ya uwezo unaoitwa PCID ni kuzuia hasara hiyo: kila ukurasa wa kidaftari unapewa alama ya ramani yake, hivyo hakuna haja ya kufuta. Prosesa za Intel zina PCID tangu mwaka 2010, na Linux ilianza kuitumia kwenye kerneli 4.14.

Tatizo ni kwamba mgeni haoni prosesa halisi. Anaona ile aliyotajiwa na mwenyeji. Proxmox kwa miaka mingi ilimpa mgeni aina ya kvm64, prosesa ya kubuni yenye uwezo mdogo ili mashine iweze kuhamishwa popote, na PCID haimo. Toleo la 8 lilibadilisha chaguo hilo kwa mashine mpya, lakini mashine ya zamani inabaki na aina uliyoiundia. Jaribu ndani ya mgeni:

`grep -m1 -ow pcid /proc/cpuinfo`

Ikinyamaza huku kwa mwenyeji inajibu, na mgeni ameandika Mitigation: PTI mbele ya meltdown, umempata mwizi. Mgeni wa mauzo wa yule mzee alikuwa na kerneli ya mwaka 2017 ambayo haikuguswa miaka yote. Kwa hiyo PTI aliipata kwa mara ya kwanza Jumamosi ile, na aliipata bila PCID.

Kinyume chake pia hutokea, na huniuma zaidi maana ni hasara ya bure. Mwenyeji ana prosesa mpya iliyotengenezwa bila dosari ya Meltdown, na anaandika Not affected. Mgeni, kwa kuwa amefichwa aina halisi, hana njia ya kujua kwamba yuko salama. Anajiwekea PTI kwa tahadhari na kuilipia kila siku.

Tiba ya yote mawili ni moja. Kama seva ni moja na huhamishi mashine kati ya seva tofauti, mpe mgeni prosesa ilivyo (101 ni namba ya mashine yangu, weka yako):

`qm set 101 --cpu host`

Kama una seva za vizazi tofauti na unahamisha mashine kati yake, bakiza aina ya pamoja ila ongeza uwezo huo:

`qm set 101 --cpu kvm64,flags=+pcid`

Kisha mzime mgeni kabisa ndipo umwashe. Kuandika reboot ndani yake hakutoshi, kwa sababu programu inayombeba kwa mwenyeji haijazimwa, na prosesa ya zamani itabaki ileile.

Usishtuke ukichagua host halafu orodha ya kinga ikarefuka. Mgeni sasa anaijua prosesa yake kwa jina, hivyo anaziona dosari ambazo awali hakuziona. Rudia dd. Ikiwa imeboreka, umefanikiwa. Ikiwa imezidi kuwa mbaya, nenda kwenye Retbleed hapa chini.

Kuhusu ukubwa wa gharama, kipimo ninachokiamini ni cha Brendan Gregg, aliyekuwa Netflix, mwanzoni mwa 2018: kwa miito kama 50,000 kwa sekunde kwa kila prosesa, PTI ilikuwa inachukua karibu asilimia 2.  Kwa hiyo mtu akikuambia kinga zimemla nusu ya kasi, muulize alipima nini.

Dalili: diski na mtandao vinakokota, na mwenyeji anahangaika huku mgeni amelala

Huu ni mpaka wa pili. L1TF iliruhusu mgeni kusoma kilichoachwa na wengine kwenye kache ya ndani kabisa ya prosesa. KVM ikajibu kwa kuifuta kache hiyo wakati wa kumrudisha mgeni kazini. Angalia kwa mwenyeji:

`cat /sys/module/kvm_intel/parameters/vmentry_l1d_flush`

Chaguo la kawaida ni cond, yaani ifutwe pale tu mwenyeji alipopitia shughuli ambazo huenda ziliacha siri. Ukikuta always, kuna mtu aliiweka. Muulize sababu kabla hujairudisha.

Ila kwa uzoefu wangu dawa kubwa haiko kwenye kinga. Iko kwenye idadi ya safari. Mgeni aliyepewa diski ya IDE na kadi ya mtandao ya e1000 anaigiziwa vifaa vya zamani, na karibu kila anapovigusa anatoka kwa mwenyeji. Virtio iliundwa kwa ajili ya mashine pepe. Inakusanya kazi nyingi na kuvuka nazo pamoja. Ukihamia virtio, ushuru wa kila safari ni uleule lakini safari zimepungua sana. Kwa Windows weka kwanza viendeshi vya virtio, ndipo ubadilishe diski, la sivyo haitawaka. Ukitaka kuona safari zenyewe, endesha perf kvm stat live kwa mwenyeji kabla na baada ya kubadilisha.

Dalili: nyuzi za prosesa zimepungua nusu

Andika lscpu kwa mwenyeji. Kama Thread(s) per core ni 1 wakati prosesa ina uwezo wa 2, ama imezimwa kwenye bayosi, ama kuna mitigations=auto,nosmt kwenye mstari wa kuwashia. Nyuzi mbili za kiini kimoja hutumia hifadhi za ndani zilezile, na kwa L1TF na MDS mmoja unaweza kumchungulia mwenzake. Anayekodisha mashine pepe kwa watu asiowajua ana sababu nzuri ya kuzizima. Ofisi yenye wageni wake yenyewe watatu, wote wa kuaminika, inaweza kuziwasha na kuishi na maneno SMT vulnerable kwenye ripoti (SMT ndiyo hizo nyuzi mbili kwa kiini). Lakini huo ni uamuzi wa mwenye data. Mweleze, akubali yeye.

Dalili: kontena ndani ya mgeni ni nzito, programu ileile nje ya kontena ni nyepesi

Kerneli za kabla ya 5.16 ziliwasha kinga ya Speculative Store Bypass, dosari nyingine ya aina hii, kwa kila programu iliyofungiwa kwa seccomp (njia ya Linux ya kuibana programu isiite kerneli ovyo), na Docker, programu ya kuendesha kontena, huzifungia kontena zake kwa seccomp bila kuulizwa. Tafuta namba ya programu, kisha:

`grep Speculation /proc/NAMBA/status`

Ukiona thread force mitigated, ndiyo hiyo. Pandisha kerneli hadi 5.16 au zaidi. Kama huwezi, weka spec_store_bypass_disable=prctl na spectre_v2_user=prctl kwenye mstari wa kuwashia. Huko si kuzima kinga. Ni uamuzi uleule ambao watunzaji wa kerneli waliufikia wenyewe, kwamba programu inayoihitaji kinga hii iiombe.

Dalili: Intel za kizazi cha Skylake zilianza kukokota na kerneli za katikati ya 2022

Soma mstari wa retbleed. Ukikuta Mitigation: IBRS, kila kuingia kwenye kerneli kunagusa swichi nzito ya prosesa. Johannes Wikner na Kaveh Razavi wa ETH Zürich, walioigundua Retbleed, waliandika gharama ya kati ya asilimia 14 na 39 kutegemea prosesa. Hii si ndogo. Seva nyingi zilizotumika zinazoingia kwetu ni za kizazi hiki, kwa hiyo utakutana nayo. Kuanzia kerneli 6.2 kuna retbleed=stuff, kinga ya namna nyingine iliyo nyepesi zaidi kwa prosesa hizo. Nimeipendelea kuliko kuzima. Kwa anayenunua seva nyingine, Cascade Lake na zilizofuata zina namna bora ya IBRS inayowashwa mara moja, haihitaji kuguswa kila unapovuka.

Dalili: ripoti inasema Vulnerable, no microcode

Mikrokodi, yaani programu ya ndani ya prosesa yenyewe, hupakiwa kwa mwenyeji. Kuiweka ndani ya mgeni hakufanyi kitu. Sakinisha intel-microcode au amd64-microcode kwa mwenyeji, washa upya, kisha uhakikishe mgeni anauona uwezo mpya, kwa mfano md_clear. Akiwa kwenye kvm64 hatauona hata mwenyeji akiwa nao. Maneno SMT Host state unknown kwa mgeni ni ya kawaida. Hana njia ya kujua, yaache.

Ukiona hesabu za picha au za kisayansi pekee ndizo zimeanguka baada ya mikrokodi mpya, fikiria Downfall. Kinga yake inabana amri za gather, zinazokusanya data iliyotawanyika kwenye kumbukumbu, na Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya kazi zinaweza kupoteza hadi asilimia 50. Hifadhidata ya duka haitahisi.

Na mitigations=off?

Kinga za mgeni zinailinda kerneli ya mgeni dhidi ya programu zake mwenyewe. Kinga za mwenyeji zinamlinda mwenyeji na wageni wengine dhidi ya mgeni huyu. Kwa hiyo mgeni mwenye hifadhidata tu, asiyeingiwa na mtu wala kuendesha programu ya kuokota, anaweza kuzimiwa zake huku za mwenyeji zikibaki. Nimefanya hivyo mara chache, baada ya kupima na kuona tofauti inayostahili, na nikaandika kwenye daftari la seva nani aliidhinisha.

Kwa mwenyeji sikubali, hata seva ikiwa ya mtu mmoja. Na mgeni yeyote mwenye kivinjari simgusi. Ukurasa wa wavuti unaleta programu ya mtu usiyemjua na kuiendesha ndani ya mashine yako, na watafiti wa Spectre walionyesha tangu mwanzo kwamba JavaScript inatosha kufanya shambulio. Mhasibu wa yule mzee hufungua akaunti ya benki kwenye Windows ileile anayosomea barua pepe. Kuzima kinga pale ili risiti itoke haraka ni kuliacha sanduku la fedha wazi.

Basi siku ile kijana aliifuta mitigations=off. Mgeni wa mauzo tukampa host na tukamhamishia virtio, tukamzima na kumwasha. Tukarudia dd, na muda ulikuwa umeshuka waziwazi kwa macho ya mzee mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na saa mkononi. Mashine ya mhasibu tuliibadilishia aina ya prosesa tu, jioni, baada ya yeye kufunga hesabu. Kijana akanakili majibu ya kabla na baada kwenye daftari la jalada gumu, akalining'iniza kwa uzi pembeni mwa seva.